Ndoo Nyekundu

Kwenye ile maabara ya kuzalishia miche ya migomba, kila mtu alikuwa na majina mawili: moja la kwenye kitambulisho, ambalo hakuna aliyelikumbuka, na moja la kazini, ambalo hakuna aliyelisahau. Mkuu wa maabara aliitwa Profesa, ingawa uprofesa wenyewe alipewa na miwani yake. Muosha chupa, mama mmoja mnene ambaye shingo yake ilikuwa imelala begani kwa miaka ya kuinamia sinki, aliitwa Mama Brashi. Na binti tunayemzungumzia hapa aliitwa Kibano, maana kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kumwona bila kibano mkononi, na wapo walioapa kwamba hata sukari kwenye chai anaitia punje kwa punje.

Kazi yake ukiiona unaweza kudhani ni mchezo wa watoto. Anavaa koti jeupe, kofia ya karatasi na barakoa, anajipangusa mikono kwa spiriti mpaka ngozi inakakamaa, halafu anakaa mbele ya kabati la kioo linalompulizia hewa safi usoni. Analetewa chupa. Ndani ya chupa kuna ute mzito kama jeli, na juu ya ute imesimama migomba midogo, urefu wa kidole cha mtoto. Anaitoa kwa kibano, anaikata kwa wembe, na kila kipande, ambacho hakizidi punje ya mchele, anakipanda kwenye chupa nyingine. Wiki chache baadaye kile kipande kimekuwa mgomba mzima, una majani, una mizizi, una kiburi. Anaukata tena.

"Inawezekanaje punje izae mgomba?" aliuliza siku yake ya kwanza.

Profesa, ambaye alikuwa akisubiri swali hilo kwa kila mgeni, akavuta miwani puani. "Mgomba umejengwa kwa seli, kama nyumba ilivyojengwa kwa matofali. Lakini hili ni tofali lenye umbea. Kila seli moja imebeba habari za mgomba wote, kuanzia mzizi mpaka ndizi ya mwisho. Ni kama kijiji cha wambea: ukimkamata mmoja tu, huna haja ya kuwauliza wengine."

Na kijiji chenyewe kilikuwa cha mtu mmoja. Miche yote waliyotoa, mamia ya maelfu, ilitokana na mgomba mmoja uliochaguliwa zamani kwa sababu mkungu wake ulibebwa na wanaume wawili, na mmoja wao alilala na dawa ya mgongo. Picha yake ilitundikwa ukutani kwenye fremu. Wafanyakazi waliuita Bibi, na asubuhi wakipita waliuamkia.

Sasa, seli ikijigawa hunakili habari zake zote, na anayenakili, hata akiwa malaika, kuna siku ataruka mstari. Kwa hiyo mara moja moja kwenye chupa hutokea mche usiofanana na wenzake: huu una mabaka, ule umedumaa, mwingine majani yamejikunja kama sikio la mbwa. Hiyo waliiita vituko. Na sheria ya vituko ilibandikwa juu ya kila kabati kwa herufi kubwa: KITUKO KISITOKE. Ukikiona, unakibana, unakitia kwenye ndoo nyekundu iliyo miguuni pako. Kila Ijumaa ndoo zote huingizwa kwenye jiko la mvuke, zikapikwa kwa nguvu mpaka hata kumbukumbu ya seli inakufa, ndipo zikamwagwa shimoni. Mteja anataka shamba lililonyooka, wala hakuna aliyewahi kuagiza mshangao.

Katika kazi hiyo Kibano hakuwa na mpinzani. Wenzake waliona kituko kikishakuwa na majani manne, yeye alikiona kikiwa bado hakijajijua. Kila mwisho wa mwaka palikuwa na zawadi ya anayetoa miche inayofanana kuliko wote, na zawadi haikubadilika: chupa ya chai. Alishinda mara tatu. Ndiyo maana chumbani kwake kulikuwa na chupa tatu za chai na kikombe kimoja.

"Siku ukipata mchumba," Mama Brashi alimwambia, "akikupikia uji wenye donge moja, utamtia ndooni."

"Donge moja namsamehe. Shingo upande ndiyo siwezi."

Maneno hayo yalikuwa na historia yake. Miaka sita nyuma, Kibano alikuwa ametoa chupani mche uliopinda shingo kabisa, majani yote yanatazama kushoto. Akauinua kwa kibano, akamwita Mama Brashi pale sinkini. "Mama, njoo uone ndugu yako! Shingo upande, mnafanana kama mapacha!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama Brashi naye akacheka, ila alicheka kidogo kuliko wengine. Kibano akautia mche ndooni, akaendelea na kazi, akasahau.

Nyumbani, mwendo wa saa moja na nusu kwa basi, baba yake alikuwa na eka mbili. Zamani eka hizo zilikuwa na migomba ya mama yake Kibano, ambaye sasa ni marehemu. Aliileta kwenye gunia siku alipoolewa, na ilikuwa ni mkutano wa kila aina ya mtu: mmoja mfupi, mmoja wa ndizi chachu, mmoja wa ndizi zenye mbegu za kuvunja jino, na mmoja ambao haukuzaa kabisa, ulisimama tu kama mgeni asiyeaga. Mwaka wake wa nne kazini, Kibano alikwenda nyumbani, akaizungukia, na macho yake yale yakakereka.

"Baba, hili si shamba, hii ni stendi. Ng'oa takataka hizi zote. Nitakuletea watoto wa Bibi."

"Takataka za mama yako?"

"Mama angeona mkungu wa Bibi, angeing'oa mwenyewe."

Baba alibisha siku mbili, siku ya tatu akanoa panga. Akang'oa, akarundika, akachoma. Kibano akamletea miche mia tisa, wakaipanda kwa kamba, safu hata safu. Ilipokua, ungesimama pembeni ukafumba jicho moja ukaona mgomba mmoja tu, mingine imejificha nyuma yake. Watu walikuja kutazama. Mzee akanunua kitabu cha wageni wasaini. Na majirani walipoona, kila mmoja akaona haya kwa migomba yake ya machotara, akang'oa, akaja maabara kujiandikisha.

Basi ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumatatu moja, saa nne asubuhi, Mama Brashi alipogonga kioo. "Simu yako inalia kwenye kabati la viatu kama mtoto wa kambo. Ni mara ya tano."

Alikuwa baba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mama. Hivi, hawa wajukuu wa Bibi yenu huwa wanavaa manjano?"

"Manjano wapi?"

"Majani ya chini. Yanaanzia kwenye pindo, kama nguo iliyoungua na pasi. Nikasema labda ni kiu, nimemwagilia siku nne. Nikiwapa maji ndio kwanza wananuna."

"Mingapi, baba?"

"Mitatu. Sasa katika mia tisa, mitatu ni nini? Hata kwenye harusi hawakosekani watatu walionuna."

Kibano hakucheka, na baba yake, aliyemzoea, akaacha utani. Mtu ukizoea kuchekwa, kimya unakisikia mara moja.

Jumamosi alikuwa shambani. Mitatu ilikuwa imefika kumi na saba. Majani ya chini yalikuwa yamevunjika kikonyo na kuning'inia kuzunguka shina kama sketi ya mtu aliyekonda. Baba akachagua mmoja, akaupiga panga kwa chini, shina likakatika kwa sauti ya maji maji. Ndani, pale ambapo pangekuwa peupe kama jibini, palikuwa na nyuzi za rangi ya kutu, zimejipanga duara.

"Nani aliingia humu, baba?"

"Sema nani hakuingia! Kitabu cha wageni kimejaa, nimeanza cha pili."

"Na viatu vyao?"

"Ulitaka niwavue viatu kama wanaingia sebuleni?"

Kibano alikata kipande, akakifunga kwenye mfuko wa plastiki mara tatu, akapanda nacho basi akiwa amekishika mapajani kama mtu aliyebeba yai. Jumatatu Profesa alikata humo utando mwembamba unaopitisha mwanga, akauweka chini ya hadubini, akatazama kwa muda mrefu kuliko kawaida yake. Kisha akampisha kiti.

"Tazama. Hivyo vyumba vilivyopangana ni seli. Hivyo virefu kama mabomba ndivyo vijia vya maji. Vipi?"

"Vimejaa nyuzi."

"Ni kuvu. Anaishi udongoni, anaingia kwa mzizi, anapanda kwenye bomba. Mgomba ukiona mgeni ndani unajaribu kuziba njia ili asipite, na kwa kuziba unajinyonga mwenyewe. Maji yapo chini, baba yako anayamwaga kila siku, lakini ngazi imekatwa."

"Dawa?"

"Hakuna."

"Tukichoma yote, tukapanda upya?"

"Mbegu za kuvu zinakaa udongoni miaka hata thelathini. Baba yako ana umri gani?"

"Sitini na minane."

Profesa akavua miwani, akaanza kuifuta, na ilikuwa safi.

"Itabaki hata michache?" Kibano akauliza. "Mia tisa, Profesa. Hata mia?"

"Mia tisa gani? Pale kwenu upo mgomba mmoja umesimama mahali mia tisa. Ufunguo uliofungua nyumba ya kwanza unafungua zote, kwa sababu kitasa ni kimoja. Ingekuwa migomba ya porini, yenye mbegu, yenye baba na mama, kila mtoto angezaliwa na kitasa chake. Ugonjwa ungepita, ungefyeka tisini na tisa, wa mia ungebaki. Si kwa akili wala kwa bidii. Ungebaki kwa sababu tu ulitokea kuwa tofauti, na watoto wake wangerithi tofauti ile wakalijaza pori. Viumbe vyote vimefika hapa kwa njia hiyo, Kibano, hata sisi. Ni njia ya makaburi, lakini ndiyo iliyopo." Akavaa miwani. "Kwenu hakukuwa na mgomba wenye mbegu?"

"Ulikuwepo."

"Uko wapi?"

"Ulichomwa."

"Nani aliyeuchoma?"

Macho ya Profesa yalishuka taratibu mpaka kwenye ile ndoo nyekundu. Ya Kibano yakayafuata. Walikaa hivyo wawili wanatazama ndoo. Baadaye, akiwa peke yake, Kibano alipiga hesabu. Vituko thelathini kwa siku, siku sita kwa wiki, miaka kumi na moja. Alipokaribia laki moja akaacha, maana hesabu hii haikuwa na mahali pa kwenda. Laki moja ya walioruka mstari, na huenda mmoja wao aliruka mstari ule hasa uliomkaribisha kuvu. Wote walipikwa, na aliyewachagua mmoja mmoja, tena kwa zawadi, ni yeye.

Alikuwa anayasema haya pale sinkini, Ijumaa, akimsaidia Mama Brashi kusuuza, ndipo Mama Brashi alipofunga bomba.

"Mimi ninaye mmoja."

"Mmoja nini?"

"Ndugu yangu." Akageuka, shingo ile begani. "Uliponichekeshea watu siku ile, sikwenda nyumbani nikalala. Nilirudi nikamtoa ndooni kabla ya Ijumaa. Nikasema, kama tunafanana, basi asipikwe. Nimempanda nyuma ya nyumba, anakunywa maji ya kufulia. Mniripoti mkitaka, nimebakiza mwaka mmoja nistaafu."

Kibano alimkumbatia akiwa na povu mpaka kwenye viwiko.

Jumapili walikwenda kumwona. Uso wa Kibano ulijikunja wenyewe kabla hajauzuia, kwa mazoea. Mgomba ulikuwa umepinda kama unasikiliza ukutani. Majani yote kushoto. Mkungu wake ulikuwa na chane mbili, ndizi fupi nene kama vidole gumba.

"Zinalika?"

"Wajukuu wangu wamegoma. Mbuzi anazila, ila kwanza anafikiria."

Chini yake palikuwa na machipukizi matano. Waliyachimbua yote.

Baba aliyatazama yaliposhushwa kwenye basi, akayazunguka mara mbili. "Ndio mkombozi mwenyewe huyu? Mbona kama ametoka kupigwa?"

"Jina lake Shingo Upande, baba."

"Anaonekana. Hata kuokoa atatuokoa shingo upande."

Waliyapanda pale pabaya kuliko pote, kwenye shimo la mgomba wa kwanza kufa na mashimo ya jirani zake, makusudi, ili yanywe ugonjwa kwa kikombe kilichojaa. Kama yangekufa, yangekufa mapema wajue. Kama yangesimama, wangekuwa na mama wa shamba jipya. Baba alifunga shughuli nyingine zote. Kila asubuhi alikwenda pale na kigoda chake, na kila Jumapili alipiga simu kutoa taarifa kama msomaji wa habari.

"Wiki ya sita. Shingo Upande na nduguze wazima. Wale wengine imebaki mia nne."

"Mwezi wa nne. Ametoa jani jipya, kalielekeza kushoto, hana habari na mtu. Wengine wamebaki sitini. Jirani yetu wa juu amemaliza wote, amekaa ndani hatoki."

"Mwezi wa sita, mama. Nimebaki na yeye tu. Leo nimemwamkia. Nimemwambia, shikamoo. Mzee mzima mimi namwamkia mgomba! Ukisikia watu wanasema nimechanganyikiwa, waambie ndiyo, lakini nina sababu."

Maabara nayo ilikuwa inanyauka kwa njia yake. Mashamba yaliyopandwa watoto wa Bibi yalikuwa yanakufa kila upande, na kila simu iliyoingia ilikuwa ya mtu aliyefuta oda au aliyetaka kutukana. Profesa alikuwa ameamuru, kimyakimya, vituko visipikwe tena. Rafu moja ya chini ikatengwa. Kwa mara ya kwanza Kibano akawa anatafuta vituko ili avitunze, kwa jicho lile lile lililozoea kuua. Lakini chupa zilikuwa chache sasa, kazi ilikuwa ya siku mbili kwa wiki, na katika miezi ile yote alipata arobaini na kimoja.

"Ni vichache," alisema Profesa. "Kwa kazi hii unahitaji maelfu, uwapande kwenye udongo mgonjwa, ungoje mwaka, uzike karibu wote, ushukuru kwa mmoja. Arobaini na kimoja ni bahati nasibu ya mtu mwenye tiketi moja."

"Sisi tiketi yetu ishashinda, Profesa. Shingo Upande ana miezi sita na hana hata doa."

"Natumaini," alisema Profesa, kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha.

Barua ikaja. Wenye maabara walikuwa wanafunga. Makabati ya kioo yalikuwa yameshapata mteja, na barua ilisema wazi: kabla ya kukabidhi jengo, vioteshwa vyote vipikwe, asitoke mche hata mmoja. Ijumaa ya mwisho Kibano alikaa mbele ya rafu ya chini. Mama Brashi akaingia na mfuko wake wa sokoni, ule mkubwa wenye mistari, akaufungua miguuni pa Kibano. Ndani alikuwa ametandika kitenge.

"Tuibe," akasema.

"Mama, ukikamatwa kiinua mgongo chako kinakwenda."

"Nilishaiba mmoja, nikaona ladha yake. Hivi vinaingia vyote. Nimepima kwa macho."

Kibano alivitazama. Kulikuwa na kimoja chenye jani la msumeno. Kimoja cheupe upande mmoja. Kimoja kidogo sana ambacho yeye mwenyewe alishindwa kueleza kasoro yake, ila aliijua ipo, kama unavyojua mtu anakutazama mgongoni. Ingebidi viwe na banda, kivuli, mtu wa kuvizoesha hewa ya nje kwa wiki nane, na yeye hakuwa na banda, alikuwa na chumba na chupa tatu za chai. Na kwa nini? Shambani kwa baba alikuwa amesimama mshindi mwenyewe, kijani, miezi sita kwenye udongo wa kaburi.

"Acha tu, Mama. Tunaye mmoja. Anatosha."

Mama Brashi alimtazama kwa muda, shingo ile begani. "Haya. Wewe ndiye mwenye jicho." Akakunja kitenge chake.

Kibano alivitia mwenyewe kwenye ndoo nyekundu, kimoja kimoja, kwa kibano. Vituko arobaini na kimoja havikufika hata nusu ya ndoo. Jiko la mvuke likafungwa, likaunguruma, likapiga filimbi. Profesa akashusha picha ya Bibi ukutani, akasimama nayo kama mtu aliyepewa mtoto wa watu, hajui aiweke wapi.

Wiki tatu baadaye, Jumapili, simu haikuita. Kibano alisubiri hadi saa sita. Akapanda basi.

Eka mbili zilikuwa tupu, visiki vyeusi safu hata safu, bado vimenyooka. Ile kamba yao ilikuwa imefanya kazi nzuri. Katikati, baba alikuwa amekaa kwenye kigoda, panga magotini, mbele ya Shingo Upande.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Njoo uone, labda macho yangu."

Hayakuwa macho yake. Pindo la jani la chini, lile la kushoto kabisa, lilikuwa la manjano. Lilikuwa jembamba, upana wa uzi. La mgomba wa pili lilikuwa upana wa kidole. Wa tatu jani lilikuwa limekwishavunjika kikonyo.

"Lilianza lini?"

"Jumapili iliyopita nilipokupigia lilikuwa limeanza. Nikasema mzima." Akakuna kidevu. "Nilidhani nikisema mzima atasikia."

Akainuka, magoti yakalia. Alimzunguka Shingo Upande mara moja, kama siku ile ya basi, kisha akampiga panga kwa chini. Alianguka kushoto, bila shaka. Baba akainama, akapangusa maji kwa kiganja, akatazama zile nyuzi za kutu zilizokaa duara, moja kwa moja, mahali pale pale zilipokaa kwa wale mia tisa.

"Hee," akasema. "Na mimi nilimdhania wa kuokota. Kumbe ni wa ukoo kabisa."

Alicheka, na Kibano, kwa mazoea ya nyumba ile, akacheka naye. Kicheko kiliwaishia kwa wakati mmoja. Mzee akaendelea na wa pili, na wa tatu. Wa nne na wa tano walikuwa bado kijani; aliwakata pia, na ndani walikuwa vile vile. Kibano alivivuta vigogo kwenye rundo, kimoja kimoja. Maji ya mgomba yalimchuruzika mikononi, na anayeyajua yale maji anajua kwamba doa lake halitoki kwenye nguo.

Walipomaliza baba akakaa tena kwenye kigoda. Akafuta panga kwa jani, pande zote mbili, taratibu.

"Kule kazini kwenu," akasema, "kwenye ile ndoo yenu. Hakuna mwingine aliyebaki? Hata mbaya namna gani. Mimi sasa sichagui."

Kibano alitazama kiganja chake. Alama ya kibano ilikuwa pale pale, kati ya kidole gumba na cha shahada, sugu mbili ndogo za miaka kumi na moja.

"Hakuna, baba."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Mzee akatikisa kichwa, akawasha kiberiti.